Mkihesabu mbolea ya bahari, wahesabuni na walaji

Habari nyingi kuhusu fitoplanktoni, yaani mimea midogo inayoelea majini, ya bahari za ncha za dunia huanza na virutubisho na huishia hapohapo. Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, ina naitreti na fosfeti tele ila chuma ni haba. Ongeza chuma, tunaambiwa, mimea hii midogo itashamiri, itavuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kuzama nayo. Hoja hiyo ilivuma mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia John Martin, mtaalamu wa kemia ya bahari wa Marekani, na majaribio yaliyofanywa baharini kuanzia 1993 yamethibitisha nusu yake: chuma kikimwagwa panapokosekana, maji hugeuka kijani. Nusu ya pili ndiyo inayonikera. Inasimuliwa kana kwamba bahari haina midomo.

Tazama Phaeocystis, jamii mojawapo ya fitoplanktoni. Seli yake moja ina upana wa mikromita chache tu, na ikiwa peke yake huogelea kwa mikia yake miwili. Lakini seli hizo zinaweza kuacha kuishi moja moja, zikajipachika kwenye ukuta wa kiputo cha ute, zikagawanyika humo hadi kiputo kikafikia milimita kadhaa na kuonekana kwa macho. Kiumbe ni kilekile, vinasaba ni vilevile, ila upana wake umeongezeka mara mamia. Huko kusini, aina yake iitwayo P. antarctica hutanda katika Bahari ya Ross mwezi Novemba na Desemba. Kaskazini, ndugu yake P. pouchetii hushamiri majira ya kuchipua katika Bahari ya Barents na kuzunguka Svalbard, visiwa vya Norwei.

Kwa nini seli zijenge viputo? Mtu wa virutubisho ana majibu mazuri, na siyapuuzi. Diatomu, kundi jingine la fitoplanktoni, huhitaji silikati, kirutubisho chenye silikoni, kwa ajili ya magamba yao; silikati ikiisha, Phaeocystis hubaki na uwanja. Katika Bahari ya Ross hutamba zaidi pale maji yanapochanganyika hadi kina kirefu na mwanga kuwa hafifu, ilhali diatomu hupendelea tabaka jembamba la juu lililotulia. Ute wenyewe ni kaboni ambayo seli imeitengeneza kwa mwanga ikaitoa nje, na unaweza kunasa chuma na kukiweka akiba. Isitoshe, mwaka 2007 ilionekana kwamba katika bahari hiyo vitamini B12 nayo, ikiungana na chuma, inaweza kuubana ukuaji. Na aina ya mmea ina uzito wake katika hesabu ya kaboni: mtafiti wa bahari Kevin Arrigo na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa kila kipimo cha fosfeti, maji ya Phaeocystis hupungukiwa kaboni dioksidi takriban mara moja na nusu ya maji ya diatomu.

Hata hivyo, kiputo kina gharama. Kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo virutubisho vinavyochelewa kuzifikia seli, na mahali penye uhaba hilo ni jambo zito. Kama hesabu ingekuwa ya chakula pekee, kubaki seli ndogo kungelipa mara nyingi. Lazima kuna faida nyingine, na mimi naiona kwenye walaji.

Ushahidi ulionishawishi zaidi ulitoka Marekani mwaka 2007, kwa P. globosa, jamaa yao wa bahari zisizo na baridi kali. Watafiti waliziwekea seli maji yenye kemikali zinazotoka pale wenzao wanapoliwa. Mlaji akiwa silieti, kiumbe cha seli moja kinachokamata vipande vidogo, Phaeocystis ilijenga viputo vingi zaidi. Mlaji akiwa kopepoda, mdudu mdogo wa majini wa jamii ya kamba, anayependa vipande vikubwa na asiyeziweza vizuri seli ndogo, ilifanya kinyume: ilipunguza viputo. Haikujua tu kwamba inaliwa. Ilitambua inaliwa na nani! Mmea usio na jicho wala neva unachagua umbo kulingana na adui, na bado kuna watu wanaotaka kuueleza kwa jedwali la naitreti. Kwa P. antarctica yenyewe, majaribio katika Bahari ya Ross yameonyesha viputo vikikua zaidi panapokuwa na dalili za walaji, jambo linaloashiria kwamba tabia hii haikuishia kwenye bahari za vuguvugu.

Sasa rudi kwenye biashara ya kumwaga chuma. Mkulima anayenunua mbolea bila kuuliza mbuzi wa jirani wamefungwa wapi tungemcheka. Mwaka 2009, jaribio la Wahindi na Wajerumani lililoitwa LOHAFEX lilimwaga chuma kusini mwa Atlantiki kwa meli ya Polarstern. Silikati ilikuwa imeshaisha hapo, hivyo diatomu hazikuinuka. Viliinuka viumbe vidogo laini, kopepoda wakavila, na amfipodi, jamaa zao wakubwa zaidi, wakawala kopepoda. Kaboni iliyozama ilikuwa kidogo. Wengine waliliita jaribio lililoshindwa. Kwangu ni mojawapo ya majaribio ya chuma yaliyotufundisha zaidi, maana lilionyesha mkono wa mlaji waziwazi.

Kuna jambo linalonizuia kuwapa walaji ufalme wote. Mwaka 2015, kaskazini mwa Svalbard, P. pouchetii ilikutwa ikishamiri chini ya barafu yenye theluji, ikipata mwanga kupitia nyufa. Kwa kawaida viputo vyake huelea na kuoza juu juu, kaboni yake haifiki mbali. Safari hii mabonge yake yalipatikana kwenye kina cha zaidi ya mita 2,000, yakiwa yamelemewa na fuwele za jasi, madini mazito kuliko maji, zilizoumbika ndani ya barafu ya bahari. Virutubisho havikufanya hilo, wala walaji. Barafu ndiyo iliyotia uzito. Ikipungua, sioni nani atakayefanya kazi hiyo.

Kwa hiyo anayeleta mpango wa kurutubisha bahari hizi asiniletee grafu ya chuma peke yake. Alete hesabu ya silikati iliyobaki, aseme silieti na kopepoda ni wangapi wiki hiyo na watakuwa wangapi wiki tatu baadaye, na aeleze anatarajia Phaeocystis iwe seli au iwe kiputo. Marekebisho ya Itifaki ya London, mkataba wa kimataifa kuhusu utupaji taka baharini, yaliyopitishwa mwaka 2013 yanataka urutubishaji wa bahari uruhusiwe kwa utafiti halali tu, baada ya kupimwa kwanza. Mimi ningeongeza sharti moja kwenye kipimo hicho: meli isiondoke kabla walaji hawajamaliza kula.