Tusilazimishe Draiva Iliyokataliwa

Mafundi wengi wa TEHAMA hapa Mwanza huuchukulia ujumbe wa kushindwa kuingiza draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) kwenye Configuration Manager, programu ya Microsoft ya kusakinisha Windows na kusimamia kompyuta nyingi kutoka kwenye seva, kama ushahidi kwamba seva imechoka. Kinachofuata kinajulikana: seva inazimwa na kuwashwa, furushi la draiva linapakuliwa upya kwa bando la ofisi, kisha anaanza kutafutwa mchawi, ambaye kwa kawaida huwa mtu wa mtandao au mtu wa usalama. Maoni yangu ni tofauti. Mara nyingi programu inayokataa draiva iko sahihi, na kazi ya fundi ni kujua imekataa nini, kwa sababu draiva iliyopenyezwa kwa nguvu leo itakwamisha usakinishaji wa Windows mbele ya mtumiaji anayesubiri kompyuta yake.

Fundi anapoielekeza programu hii kwenye folda yenye draiva, haichukui mafaili na kuyaweka stoo tu. Hufungua kila faili la INF, yaani faili la maelezo ya draiva, husoma draiva ni ya kifaa gani na ya Windows ipi, huangalia saini yake ya kidijitali iliyo kwenye faili la CAT, ndipo huiandika kwenye katalogi, yaani orodha ya draiva ilizozikubali. Inayoyaona huyaandika pia kwenye DriverCatalog.log, faili ambalo hunishangaza jinsi linavyosahaulika. Dirisha la kosa hutoa sentensi moja ya jumla, ilhali kumbukumbu hii huonyesha draiva iliyokuwa ikisomwa na namba ya kosa, na namba zinazojirudia si nyingi kiasi cha kumshinda mtu kuzizoea: 0x80070005 ni kunyimwa ruhusa, 0x80070002 ni faili kutoonekana. Anayeanza kurekebisha kabla ya kulisoma faili hilo anapiga ramli.

Suala la ruhusa ndilo, kwa maoni yangu, linalopoteza muda mwingi kuliko mengine yote. Folda ya chanzo lazima itajwe kwa njia ya mtandao, yaani kwa jina la seva lililotanguliwa na alama \\, hata kama folda yenyewe imo kwenye diski ya seva hiyohiyo. Fundi huifungua kwa akaunti yake, akayaona mafaili yote, akaapa kwamba ruhusa hazina tatizo. Lakini anayesoma si yeye peke yake. Akaunti ya kompyuta ya seva kuu, ile ambayo jina lake huishia na alama ya dola, nayo lazima iwe na ruhusa ya kusoma. Na pale draiva zinaponakiliwa kwenye furushi la kusambazwa, akaunti ya kompyuta yenye SMS Provider, sehemu inayoiunganisha programu na hifadhidata yake, huhitaji pia ruhusa ya kuandika kwenye folda ya furushi hilo. Tena Windows huweka ruhusa za aina mbili juu ya folda moja, za kushirikisha kwenye mtandao na za diski yenyewe, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Ofisi moja ya hapa mjini ilifikia hatua ya kujadili kusakinisha upya seva nzima, kumbe kilichokosekana ni ile akaunti yenye dola kwenye orodha ya ruhusa za diski.

Ruhusa zikiwa sawa, hubaki ule ujumbe unaosema kwamba draiva haifai kwa mfumo wowote unaotambuliwa. Dawa yake ni kulifungua faili la INF kwa Notepad na kuisoma sehemu ya Manufacturer, ambako baada ya jina la mtengenezaji utakuta maandishi kama NTamd64.10.0...16299. Maana yake ni kwamba draiva hii ni ya Windows 10 ya biti 64, kuanzia namba ya ndani 16299, ambayo ni ya toleo la 1709 lililotoka Oktoba 2017. Mtindo wa kutaja namba ya ndani ulikuja na toleo la 1607, kwa hiyo seva yenye Windows ya zamani zaidi inaweza isiyaelewe maandishi hayo. Saini nazo zina historia inayofanana: Windows Server 2008 R2 haikuweza kuthibitisha draiva zenye saini za SHA-2, mbinu mpya zaidi ya kusaini, mpaka ilipopewa sasisho mwaka 2015. Wapo wanaoshauri kuhariri INF ili ipite, na ushauri huo naupinga kabisa, kwa kuwa saini ya kwenye CAT imekokotolewa kutokana na INF ilivyotoka kwa mtengenezaji. Ukibadilisha herufi moja, saini na faili haviendani tena.

Mengine hukaguliwa kwa dakika chache: furushi la EXE au CAB ambalo halijafunguliwa, njia ya folda iliyozidi herufi 260, mafaili yaliyozuiwa kwa sababu yametoka intaneti.

Kwetu huku kuna jambo la ziada, nalo huanzia kwenye manunuzi. Ofisi nyingi hununua kompyuta zilizotumika kutoka Dubai, na katika shehena moja huchanganyika modeli za watengenezaji mbalimbali. Afisa TEHAMA, ambaye hakuulizwa lolote zilipoagizwa, huona njia rahisi ni kupakua mafurushi yote na kuyamimina kwenye katalogi. Draiva ileile ya kadi ya mtandao ya Realtek huja mara kadhaa, programu huuliza nakala hizo zifanywe nini, naye kwa uchovu huchagua jibu bila kulisoma. Furushi likishanenepa, tawi la Nansio, kisiwani Ukerewe, ndilo linaloumia. Data nyingi namna hiyo hazipiti vizuri kwenye mtandao mwembamba, na busara ni kuandaa faili la PKGX, ambamo furushi zima limefungwa tayari, na kulipeleka Ukerewe kwa meli likiwa kwenye diski. Sioni sababu ya kuvusha ziwani draiva za modeli ambazo tawi hilo halina.

Windows PE, ule mfumo mdogo unaoiwasha kompyuta kabla ya usakinishaji, huhitaji draiva chache zaidi: za mtandao na za diski tu, tena zile ambazo haikuja nazo. Kompyuta nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 hazionyeshi diski mpaka iwepo draiva ya VMD, teknolojia ya Intel ya kusimamia diski, na hiyo inastahili kupiganiwa. Draiva ya sauti humo haina kazi.

Wapo wenzangu walioachana na katalogi, wakaweka draiva za kila modeli kwenye furushi la kawaida na kuziingiza kwa DISM, zana ya Windows yenyewe ya kuongeza draiva, wakati wa usakinishaji. Ni njia nzuri kwa ofisi zenye modeli nyingi, nami huitumia. Ila asiichague mtu kwa kukimbia ujumbe wa makosa, kwa maana INF mbovu itakataliwa hata huko, na sababu itaandikwa kwenye dism.log ya kompyuta ambayo diski yake imeshafutwa.