Baraza lipi sasa?

Jamani hivi nyumba ikiwa inavuja na anayekaa humo ana miaka 78, kinachotakiwa kuhifadhiwa hapo ni kipi? Mwenye jibu anisaidie maana mi nimetoka kwenye kikao sina.

Nyumba ya mama mkubwa ipo Kariakoo, za Kiswahili zile zenyewe, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, jiko na choo uani, boriti za mikoko, na nje kuna baraza la saruji limekaliwa mpaka linang'aa, upande mmoja limebonyea kidogo pale alipokuwa anakaa marehemu baba mkubwa na hapakaliwi, hata mgeni akijisahau anaambiwa sogea mwanangu. Sasa bati la ukumbini limetoboka. Mvua ikinyesha tunatega ndoo mbili, beseni na sufuria la pilau, usiku kucha ti, ti, ti. Nikaita fundi. Hajamaliza ngazi ya tatu katokea kijana wa mipango miji, shati kachomekea, kishikwambi mkononi, eti mzee simamisha kazi, eneo hili linapendekezwa kuwa la uhifadhi. Nikageuka kutazama ng'ambo ya mtaa, gorofa nane, vioo vya bluu, chini wanauza mapazia. Nikamuuliza na lile vipi, lilipita usiku? Akasema lile lina kibali.

Basi ndo tukaenda kwenye kikao cha madiwani, halmashauri siitaji maana bado nina mambo yangu pale. Mwananchi unaruhusiwa kuingia kusikiliza, ila kusikiliza tu, mdomo unauacha getini. Kikao saa tatu, kimeanza saa tano. Kila meza maji ya chupa, kiyoyozi mpaka mama mkubwa akajifunga kanga ya pili.

Hoja ya kwanza majengo ya kale. Kuna diwani akasimama na sheria ya mambo ya kale ya 1964, inayolinda moja kwa moja jengo la kabla ya 1863. Nikapiga hesabu za haraka haraka, Sultani Majid si ndo anauanza huu mji miaka hiyo hiyo ya 1860? Yani kwa huo mwaka hapa palikuwa Mzizima na wavuvi wake, mafundi wa Sultani ndo kwanza wanachanganya chokaa! Lile kanisa la Azania Front pale baharini Wajerumani wameanza kulijenga 1898, nalo limechelewa. Waliobaki wote wasubiri waziri awatangaze kwenye gazeti la serikali. Mwingine akadakia taarifa mstahiki meya, nyumba zile ni chakavu zipigwe chini. Wa tatu, huyu alikuwa na tai, akasema tubakize ukuta wa mbele tu halafu nyuma tupandishe gorofa kumi. Yani nyumba ivae kanzu mbele, nyuma jinzi. La bati hakuna aliyeligusa.

Hoja ya pili makazi ya wazee. Wakasoma Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mzee ni kuanzia miaka 60. Nikashtuka, mi nina 61, kumbe tangu asubuhi namsindikiza mzee mwenzangu. Mpango ni kuwajengea wazee gorofa, na mfano ukatolewa wa Magomeni Kota, kaya 644 zilibomolewa nyumba, wakaja kuingia kwenye magorofa mapya 2022. Mama mkubwa akaninong'oneza, walisubiri muda gani? Nikamwambia kama miaka kumi hivi. Akahesabu kwa vidole, akafika 88, akanitazama, halafu nikaona anatafuta fimbo yake. Nikasema leo tumekwisha.

Kasimama. Meya kidogo awe mkali, alipoona mvi akalainika, "Shikamoo mama, ila kanuni haziruhusu..."

"Marahaba mwanangu. Nauliza tu, kwenye hilo gorofa baraza litakuwa wapi?"

"Mama, baraza ndo hili. Linakaa hapa hapa, kila robo mwaka."

"Robo mwaka? Mi nakaa kila siku baada ya alasiri!"

Ukumbi mzima ukacheka, wa tai akacheka mpaka akavua miwani, mama mkubwa yeye hacheki, anasubiri jibu. Hakupewa. Nikamuona dada wa muhtasari anaandika, nikanyoosha shingo kuchungulia: mwananchi ameomba baraza liongeze vikao. Naapa.

Hoja zote mbili zimerudishwa kamati ya mipango miji. Lini zitatoka huko sijui, na fundi ndo ameshapata kazi Tegeta.

Kwenye bajaji kurudi namsikia mama mkubwa anagonga gonga kila tukiruka tuta, nikadhani ni fimbo. Tumefika, mvua nayo imefika. Ndoo zote zimeshajaa, tundu jingine jipya limefunguka karibu na mlango wa chumba chake. Akafungua kanga, akatoa chupa nne za maji ya halmashauri, nzima hazijafunguliwa. Moja akanipa ninywe, akaichukua tupu, akaikata shingo kwa kisu cha kukatia vitunguu, akaitega chini ya tundu. Imejaa kabla sijavua viatu.