Mstari wa Mkwe

Mtu akialikwa ukweni kutazama mpira, ni heri ajue mapema baba mkwe anashabikia timu gani na ana maoni gani kuhusu waamuzi. Baba mkwe wangu ni wa Argentina tangu mwaka 1986, na kwa imani yake historia ya soka imepata refa mmoja tu aliyeijua kazi yake, naye ni Ali Bennaceur wa Tunisia, yule aliyelikubali goli la mkono la Maradona dhidi ya Uingereza. Wengine wote, anasema, waliokota filimbi njiani.

Tarehe 22 Novemba 2022 Argentina ilicheza na Saudi Arabia nchini Qatar, katika mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia, nami nilikuwa nimeketi kwenye ncha ya kiti kama inavyompasa mkwe mwenye adabu. Dakika ya 10 Messi alifunga penalti iliyopatikana baada ya refa kwenda kuangalia marudio kwenye VAR, yaani mfumo wa waamuzi wasaidizi wa video. Mzee akatutangazia kwamba Slavko Vinčić wa Slovenia ni msomi, na kwamba VAR ni neema. Sifa hizo zilidumu dakika 12, yaani mpaka Messi alipofunga tena na kibendera kikanyanyuliwa kwamba ameotea, yaani amewatangulia mabeki pasi ilipopigwa.

Haukupita muda Lautaro Martínez naye akachomoka, akaunyanyua mpira juu ya kipa, ukatumbukia wavuni. Tulikuwa bado tunapeana mikono VAR ilipolifuta goli, na mchoro wa kompyuta ukaonyesha kwamba kilichootea ni sehemu ya juu kabisa ya mkono wake, pale penye bega.

“Bega lina kosa gani?” Mzee alifoka. “Tangu lini bega likafunga goli?”

Nilijaribu kumweleza, kwa sauti ya chini, kwamba sheria huihesabu sehemu yoyote ya mwili inayoweza kufunga kihalali, kwamba mkono huanza kuhesabiwa kuwa mkono usawa wa kwapa kwenda chini, na kwamba katika mashindano yale kamera 12 zilikuwa zikifuatilia pointi 29 kwenye mwili wa kila mchezaji.

“Na macho yangu mawili zimeyafuatilia?” akauliza, kisha akamwamuru shemeji yangu asimamishe picha, kwa kuwa king’amuzi chake kina uwezo huo.

Mpira uliposimama mbele yetu, Mzee alifungua mtoto wa meza, akatoa rula ndefu na kalamu ya wino mzito anayotumia kuandikia maboksi, akanikabidhi. “Mkwe, wewe umesoma hesabu. Piga mstari.”

Wanaosema ningekataa hawajawahi kuoa. Nilipiga magoti mbele ya runinga ile, ambayo haikuwa imemaliza hata mwezi, nikaifuata michirizi ya nyasi, nikachora mstari ulionyooka kutoka juu ya kioo hadi chini. Lautaro alikuwa ameotea. Mzee alisema rula imeteleza. Nikachora wa pili, Lautaro akazidi kuotea.

Picha iliporuhusiwa kuendelea tulikuwa tumebaki nyuma ya dunia kwa dakika kadhaa, hivyo jirani aliguna kabla yetu goli la tatu lilipofutwa, tena la Lautaro yuleyule. Ndipo shemeji alipopitisha kidole kwenye kioo na kugundua kwamba wino haufutiki. Kitambaa cha maji hakikufua dafu. Mama mkwe alileta spiriti, nayo iliuacha wino ulipo ila ikatengeneza ukungu mpana uliomfunika mshika kibendera mmoja.

Kipindi cha pili nilikuwa bado nasugua, mgongo wangu ukiwa umeziba nusu ya uwanja, Saudi Arabia walipofunga dakika ya 48 na tena dakika ya 53. Goli hilo la pili, la Salem Al-Dawsari, wanasema lilikuwa zuri sana; mimi niliona buti moja kwa karibu mno. Mechi ilikwisha 2-1, na Mzee akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama nina ndugu Slovenia.

Nilijitolea kununua runinga nyingine, akakataa katakata. Mashindano yote yaliyobaki aliyatazama na mistari yake miwili, wasomaji wa habari wakiwa wamekatwa shingoni. Tarehe 18 Desemba Argentina waliishinda Ufaransa kwa penalti, baada ya mchezo ambao ndani yake walipewa penalti ya Di María kuangushwa, ambayo wengi waliibishia. Mzee hakuibishia hata kidogo. Alimsifu Szymon Marciniak wa Poland kuwa refa bora tangu Bennaceur, akasimama kumpigia makofi Messi aliyekuwa amenyanyua kombe, kisha akasogea karibu na kioo, akainamisha kichwa kupima.

“Mkwe,” akasema, “kwa mistari yako hii, hata kombe limeotea.”