Saa tatu ya Addis

Naandika hii nikiwa nacheka ila siku yenyewe sikucheka hata kidogo. Kazini walinituma Addis Ababa, semina ya Jumatatu, mi nikaomba nikatiwe tiketi ya Ijumaa ili nipate wikiendi ya kutembea, maana ndo mara yangu ya kwanza kupanda ndege na sikutaka kurudi Temeke nimeona ukumbi wa mikutano tu.

Ndege kama masaa matatu hivi toka Dar, nimekaa dirishani, sikufumba jicho, nalilinda bawa. Tukatua Bole usiku, na baridi ikanipokea kabla ya dereva. Kumbe ule mji uko juu zaidi ya mita 2,300, na mimi nimevaa shati la mikono mifupi kama naenda Coco Beach.

Dereva wa lodge kijana mpole sana. Kiingereza chake cha kuungaunga, changu hivyohivyo, tukawa tunaelewana vizuri kabisa, yaani tulidhani. Nikamsomea listi yangu: Makumbusho ya Taifa kumuona Lucy, yale mabaki ya mifupa ya kale, kanisa alilozikwa Haile Selassie, halafu Umoja wa Afrika nikalione sanamu la Mwalimu Nyerere lililozinduliwa 2024. Akasema sawa, "tumoro, thrii okloki". Nikapiga hesabu kama tulivyofundishwa shule, thrii okloki ni saa tisa. Basi saa tisa mchana, nikalala kama gogo.

Jumamosi nimeamka saa nne, nikanywa chai taratibu, wakaniletea injera imechanwachanwa na pilipili, nikala nikaongeza. Saa tisa kasoro niko getini nimechana nywele. Saa tisa, kimya. Tisa na nusu, kimya. Mlinzi akanionea huruma, akaniambia kwa ishara nyingi kwamba dereva alikuja asubuhi, akapiga honi mpaka jirani akatoka kugomba, akaondoka zake. Nikampigia. "Ai kemu thrii!" Nikamwambia na mimi nipo hapa thrii, wewe uko wapi? Tukabishana hapo, kila mtu ana uhakika, nikakata simu nikajisemea huyu muongo.

Usiku dada wa mapokezi ndo akanifungulia akili. Akasema wao hawahesabu toka usiku wa manane, wanahesabu toka jua linapochomoza, saa ya kwanza ya asubuhi ndo moja. Nikamwangalia. Dada, si ndo kama sisi! Yaani yule kaka alimaanisha saa tatu, saa tatu hii hii yetu ya asubuhi, akaitafsiri kiingereza nusu, mi nikaitafsiri nusu nyingine, tukapoteana katikati. Nikampigia kuomba radhi, akacheka, akasema tumoro, seveni. Safi. Sasa mi mjanja, seveni ni saa saba mchana, sihesabu tena kizungu. Nikapanga kulala mpaka nichoke.

Nisichojua ni kwamba yule dada alishampigia na yeye pia. Akamweleza huyo mgeni anahesabu kizungu, muonee huruma. Kwa hiyo jamaa naye akajirekebisha. Jumapili saa moja asubuhi, baridi ya kung'ata mifupa, yuko getini anapiga honi kwa ajili ya seveni yangu ya kizungu, na mimi niko ndani ya mablanketi mawili naisikia ile honi kwa mbali nawaza, watu wengine hawana ustaarabu.

Alirudi mchana kujaribu bahati yake. Tukakimbizana mji mzima. Kanisani, Utatu Mtakatifu, alipozikwa upya mfalme mwaka 2000, unavua viatu mlangoni, na soksi yangu ya kulia ina tundu, kidole gumba kimetoka chote kinachungulia jeneza la granaiti. Nimetembea mle ndani kimkunjo kimkunjo kama nina jipu. Makumbusho nikamuona Lucy, wao wanamwita Dinkinesh, alichimbuliwa 1974, ana miaka milioni 3.2, kadogo kweli kama mtoto wa darasa la pili. Nikapiga picha thelathini ndipo nikaambiwa mifupa ile ni nakala, yenyewe imefungiwa stoo. Kwa Mwalimu hatukufika, giza likatuwahi.

Njiani nikaona saa ya kwenye dashibodi, inasoma 11:20, simu yangu inasoma 17:20. Nikasema kwa sauti, saa kumi na moja na dakika ishirini! Nikamuuliza, kwenu saba mnaitaje? "Sebat." Saba? Sebat! Saba! Tukagongeana mikono mpaka gari ikayumba. Siku mbili tunateswa na kiingereza wakati angesema tu sebat ningemuelewa hata usingizini.

Semina ikapita. Jumanne siku ya kuondoka akapiga simu, anifuate saa ngapi? Kwa mbwembwe zote nikajibu, sebat! Akaja saa saba kamili, bila kosa hata la dakika, tumekumbatiana Bole kama ndugu, akaondoka.

Ndege ilikuwa saa nne usiku. Nne kwa Kiamhari sikuwa naijua.