Mwacheni mtoto kiziwi atumie mikono yake

Wiki iliyopita nimeyasikia tena. Mama mmoja mwenye mtoto kiziwi wa miaka mitatu kaambiwa na mtu anayeheshimika, "Usimwoneshe ishara, atazoea, hatasema kabisa." Mama wa watu katii. Mtoto akionesha kikombe kwa kidole, mkono unashushwa: "Sema maji. Sema maji." Ataigaje asichokisikia?

Hasira zangu si kwa mama. Ni kwa ushauri huu uliochakaa. Mwaka 1880, walimu waliokutana Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, walipitisha kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema tu. Mwaka 2010, mkutano kama huo huko Vancouver ulilikataa azimio hilo na kujutia madhara yake. Huku kwetu bado linatembea nyumba hadi nyumba!

Mtoto kiziwi akili anayo. Anachonyimwa ni lugha, na lugha haisubiri. Miaka ya mwanzo ikipita mitupu, akija kuianza ukubwani mara nyingi hafikii ufasaha wa aliyeipata mapema. Nawafahamu mke na mume viziwi, mafundi cherehani. Binti yao, kiziwi pia, rika la mtoto huyu, nilimkuta anabishana na mama yake kwa vidole: hataki gauni la bluu, anataka lile la jana, kwa nini limefuliwa? Miaka mitatu, tayari ana jana na ana kwa nini. Yule mwingine hana hata maji.

Hamu hiyo ya lugha haizimiki. Managua, Nicaragua, viziwi walipoanza kukusanywa shuleni mwishoni mwa miaka ya 1970, walimu waling'ang'ania Kihispania cha kusoma midomo. Watoto, uwanjani na kwenye mabasi, wakaunganisha ishara zao za nyumbani. Wadogo waliowafuata wakazitia sarufi, ikawa lugha kamili.

Vifaa vya kusikia? Sawa, anayevipata avitumie. Ishara hazimzuii mtoto kusema.

Tabora ina shule ya viziwi tangu 1963, lakini mtoto hawezi kungoja darasa la kwanza ndipo aione Lugha ya Alama. Kliniki ikigundua hasikii, mama akutanishwe mapema na kiziwi mtu mzima amfundishe: maji, njoo, panauma wapi. Na baba naye akae chini ajifunze, pamoja na bibi na ndugu zake wote.