Wan Oklok ya Jirani Yangu

Kosa lilianzia uani, na niseme mapema kwamba nililianzisha mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miezi mitatu tu Barnsley, mji wa jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, nikifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mtaa wetu nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta kama mabehewa. Jirani yangu ni mzee aliyestaafu kuchimba makaa ya mawe, anaishi na mkewe. Mzee huyo ananiita "mpenzi". Siku ya kwanza nilifikiria kuhama. Baadaye nikaja kugundua kwamba Yorkshire hata dereva wa basi anakuita mpenzi, na hana mpango wowote na wewe.

Basi siku moja tunapiga soga juu ya uzio, nikamweleza habari ya saa zetu. Kwamba kwetu Tanga tunaanza kuhesabu jua likichomoza, kwa hiyo ile wanayoiita saba, kwetu ni saa moja. Moja ya asubuhi na moja ya jioni. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akamwita mkewe atoke nje, nikaanza upya.

Ijumaa iliyofuata akanigongea dirisha. "Mpenzi, Jumapili uje kwetu kwa dinner. Wan oklok."

Sasa nifuate kwenye hesabu yangu. Mwalimu wangu wa Kiingereza kule Muheza alituingiza kichwani, kwa fimbo, kwamba dinner ni chakula cha usiku. Wan oklok ya usiku, yaani saa saba usiku ya kwetu, hakuna mtu anayealika wageni. Kwa hiyo mzee anatumia saa za Kiswahili! Saa moja jioni. Niliguswa, wallahi. Nikajisemea, huyu mzee ana adabu ya watu wa pwani. Nikamwambia nitafika kamili, tukapeana mikono.

Hakuna aliyeniambia kwamba Yorkshire dinner huliwa mchana. Cha jioni wanakiita tea, yaani chai, na ukikaribishwa hiyo chai unaletewa sahani ya viazi na soseji. Supper ni kitu kidogo cha kulalia. Fimbo zote zile nilikula bure.

Jumapili nikatoka zamu saa mbili asubuhi. Sikutia kitu mdomoni, maana nilitaka kwenda na nafasi. Nimejilaza tu, harufu ya nyama ya kuoka ikaanza kupenya ukutani. Nikawasifu sana: watu gani hawa, chakula cha jioni wanakianza saa nne asubuhi! Nikaziba masikio kwa pamba, kama kawaida yangu nikitoka zamu, nikalala kama gogo.

Saa moja kasoro dakika mbili, giza limeshaingia, nipo mlangoni. Suti. Viatu vinang'aa. Mkononi chupa ya achari ya embe niliyotumiwa na mama. Mlango ukafunguka, mzee kavaa pajama.

Tukatazamana.

"Mpenzi," akasema taratibu, "tumekugongea mara tatu."

Nilipomaliza kueleza, alikuwa ameketi kwenye ngazi anafuta machozi ya kicheko. Mkewe ndiye aliyeniingiza jikoni. Sahani yangu ilikuwepo, imefunikwa kwa sahani nyingine, inasubiri tangu mchana kama mke wa baharia. Nyama ya ng'ombe vipande vitatu, viazi vya kuoka, karoti, kabichi, na pembeni kitu kimenywea kama soksi iliyolowa. Mama akakitazama kwa huzuni, akakibeba kwa vidole viwili, akakitupa.

Ile ndiyo Yorkshire pudding yenyewe. Usidanganywe na jina, sukari haimo. Ni unga, mayai na maziwa, uji mwepesi kama wa chapati za maji, unamiminwa kwenye mafuta ya nyama yaliyochemka mpaka yanafuka moshi, kisha unaingia kwenye oveni na kuumuka kama puto. Zamani bati lake liliwekwa chini ya nyama inayozungushwa motoni, ili lidake mafuta yanayodondoka. Mzee alisema kwao, utotoni, ililetwa kwanza, imejaa mchuzi, watoto washibe kabla ya kuiona nyama. Ujanja huo naujua. Kwetu kazi hiyo hufanywa na ugali. Na watu wa huko hawana mzaha na mambo haya: mwaka 2008 Royal Society of Chemistry, chama cha wanakemia kabisa, kilitoa tamko kwamba isiyofika inchi 4 kwenda juu haistahili kuitwa Yorkshire pudding. Yangu ilikuwa na nusu.

"Nakukorogea nyingine," mama akasema. Saa moja na robo usiku, kavaa gauni la kulalia. Nikakataa kwa adabu, akakataa kukataliwa.

Sasa oveni inapata moto, na mimi tumbo limeshikana na mgongo. Mezani kuna kibakuli cha kitu cheupe, kizito, laini. Mtindi, nikasema moyoni. Mzee akaniona macho yalipo. "Angalia, mpenzi, hicho kikali."

Nikacheka. Nikamwonyesha chupa ya achari. Nikamwambia mzee wangu, mimi nimelelewa na pilipili mbuzi, Waingereza hamna kitu kinachoitwa kikali. Nikachota kijiko kikajaa, nikakitia chote.

Ni mzizi, unakunwa, unachanganywa na siki na malai. Jina lake ni horseradish, yaani figili ya farasi. Pilipili ya kwetu huchoma ulimi, unajua ulipo, mnaelewana. Huyu farasi hapiti ulimini. Alipanda moja kwa moja puani, akapiga teke nyuma ya macho, akakaa. Sikuweza kuvuta pumzi wala kuitoa. Machozi yakatiririka hadi kwenye tai.

Mama akageuka na mwiko mkononi, akaniona. Akadhani nalia kwa aibu ya kuchelewa.

"Oo, mpenzi!" Akanikumbatia kichwa, unga wote kwenye suti. "Kuchelewa tu, mwanangu, hakuna aliyekasirika." Nataka kumwambia ni puani, sauti haitoki, inatoka kwikwi. Akazidi kunikumbatia. Naye akaanza kulia. Mzee, ambaye alijua ukweli wote, aliegemea friji akatetemeka bila sauti, kisha akanisogezea glasi ya bia yao ya kahawia, ile isiyo baridi. Nikaiteremsha yote.

Pudding ya pili ilitoka juu kuliko ngumi yangu. Nilikula tatu.

Kabla sijaondoka mama aliniandikia kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa: JUMAPILI IJAYO, 13:00. Nikaibandika ukutani. Wiki hiyo sikuwa na zamu, nikalala usiku kama binadamu, nikavaa saa ya mkono ya marehemu baba, ambayo haijawahi kunidanganya. Saa saba kamili mchana nikabonyeza kengele.

Mzee akafungua, shavu moja limenyolewa, la pili limejaa povu.

"Mpenzi," akasema, "ni saa sita."

Kumbe ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Usiku, mimi nimelala, Uingereza nzima ilikuwa imerudisha saa nyuma kwa saa moja.

Jikoni nikasikia mama anacheka. Mzee akanipisha, akanikabidhi kisu na ndoo ya viazi.