Siku saba ndani ya sekunde 42

Piga picha moja ya mbegu ya haragwe kila baada ya dakika 10 kwa siku saba: utapata picha 1,008. Zipitishe 24 kwa sekunde, nawe una video ya sekunde 42 ambamo mzizi unachungulia, unainama kuitafuta ardhi, kisha shina linajinyoosha huku likiyumba. Walimu wanaowapa wanafunzi kazi ya namna hii husema inafundisha kuliko ripoti ya maandishi. Wanaoipinga wanaona ni mchezo wa simu uliovishwa koti la maabara.

Kinachonivutia mimi ni huko kuyumba. Ncha ya mche unaokua huzunguka taratibu mno, jicho haliwezi kuufuata mwendo wake. Charles Darwin, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1880, ilimbidi aweke kioo mbele ya mmea na kutia nukta juu yake kila baada ya muda, kisha aziunganishe kwa mistari. Leo mwanafunzi anaegesha simu kwenye stendi, analala, na asubuhi anaikuta njia ya mche imeshanaswa. Hapo video si pambo. Ni chombo cha uchunguzi kama hadubini, ila hadubini hukuza umbo, hii hubana muda.

Chombo chenyewe lakini kina hila. Usiku kamera inataka mwanga. Ukiwasha taa upande mmoja, mche utaielekea, na mwanafunzi ataandika kwamba ameona tabia ya mmea kumbe amerekodi taa yake. Halafu kuna uhariri. Zikipandwa mbegu nne na mbili zikaoza, video itakayosifiwa ni ya zile mbili zilizoota. Hapa wapinzani wana hoja nzito kuliko wanayoitoa: ubaya si watoto kucheza, ni kuzoea kufuta matokeo yasiyopendeza.

Malalamiko kwamba kazi hii hula muda siyapi uzito. Garry Hoban wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, alibuni uhuishaji wa polepole: wanafunzi husogeza vielelezo vya karatasi au udongo wa kufinyangia, huvipiga picha, kisha huzionyesha mbili tu kwa sekunde huku wakieleza. Dakika nzima ni picha 120. Ila huo ni ufafanuzi wa wazo, si ushahidi wa jaribio, na sioni vipi viwili hivyo visahihishwe kwa kipimo kimoja.

Kwa jaribio halisi ningedai rula na saa vionekane kwenye picha, mahali pa taa paandikwe, na mbegu zilizooza zibaki. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, nako Australia, kuna faneli ya lami, kitu kinachoonekana kigumu ila hutiririka polepole mno, iliyowekwa mwaka 1927 ili ichuruzike tone kwa tone. Tone la nane lilipoanguka mwaka 2000, kamera iliyotegwa kulivizia ikagoma. Pengo hilo halikuzibwa kwa picha ya kubuni. Watu walisubiri hadi 2014, la tisa liliponaswa likishuka na kugusana na la nane lililokuwa chini.